Nani Aliyekuandikia Aya ya Tatu?

"Aya ya tatu inasema nini?"

"Si unayo mkononi? Soma."

"Nimeshaisoma mara nne. Nakuuliza wewe uliyeiandika. Funga macho, uniambie kwa mdomo wako inasema nini."

Fundi hakufunga macho. Aliyatumbua, akazitazama karatasi zilizokuwa mezani, kisha akatazama dari, kama vile jibu lilikuwa limening'inia kwenye feni. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, wiki tatu kamili kabla ya harusi. Alikuja kwa mchumba wake ili wakae waandike majina kwenye kadi za mwaliko. Kadi zilikuwa pale pale mezani, hata moja haijaguswa. Kilichoguswa ni insha.

"Inasema kuhusu... uwajibikaji," akajaribu.

"Uwajibikaji wa nani?"

"Wa taasisi."

"Inayowajibika kwa nani, kwa jambo gani?"

"Wewe nawe! Tuko darasani hapa?"

Mwanamke aliyekuwa akimuuliza alikuwa mwalimu wa uandishi wa kitaaluma. Chuoni kila mwanafunzi wa mchana, awe wa uuguzi, wa sheria au wa uhandisi, lazima apite kwake ajifunze kuandika insha. Wenyewe walimwita Mama Aya, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu kila somo alilifungua kwa maneno yale yale: "Aya moja, wazo moja. Ukiyalaza mawili kitanda kimoja yatapigana mateke hadi asubuhi." Alikuwa hodari kweli. Kalamu yake nyekundu ilikuwa inaogopwa kuliko sindano.

Fundi, mchumba wake, alikuwa fundi wa mamlaka ya maji, mpimaji wa sampuli, miaka kumi kazini. Cheo cha juu kilikuwa kinamngoja, lakini sharti awe na shahada, ndiyo maana alijiunga na masomo ya jioni katika chuo kile kile. Darasa lake lilifundishwa na mwalimu mwingine. Lakini Alhamisi ile Mkuu wa Idara alikuwa amempa Mama Aya bahasha ya insha ishirini, azipitie kama msahihishaji wa pili. Hazikuwa na majina, namba tu. Alipofika ya kumi na moja, akakuta pampu za kituo namba mbili, kituo cha Fundi. Akatabasamu peke yake kama mjinga. Akaendelea kusoma, na tabasamu likaanza kukauka.

Sasa akaichukua karatasi, akaisoma kwa sauti:

"'Tukirudi kwenye kiini, mtandao wa usambazaji ni kioo ambamo taasisi hujitazama na kukadiria uwajibikaji wake.' Haya. Kioo! Wewe, ambaye ukinyoa ndevu unaacha nusu, leo unaandika kuhusu kioo ambamo taasisi hujitazama?"

"Mtu haruhusiwi kukua?"

"Kukua kunachukua muda. Nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Nani amekuandikia?"

"Nimekwambia mwenyewe!"

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu ukiwa unanidanganya. Chagua moja, upige kelele au udanganye. Vyote viwili kwa pamoja sikubali."

Fundi akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota.

"Unajua tatizo lako, Mwalimu?" Alipokuwa na mapenzi alimwita mama. Alipokuwa na hasira alimwita Mwalimu. "Unaamini duniani hakuna anayeweza kuandika ila wewe. Nikiandika vibaya, mimi mjinga. Nikiandika vizuri, mimi mwizi. Nifanye nini? Nibaki bubu?"

"Jibu swali."

"Sijibu. Naenda kwa mama yangu. Kadi zako andika mwenyewe, si ndiwe unayejua kuandika?"

Mlango ukabamizwa hadi kalenda ikapinda ukutani.

Mama Aya alibaki ameshika insha kama mtu aliyeshika joho la mtu mwingine alilolikuta kitandani kwake. Maana hilo ndilo lililokuwa linamchoma. Mwalimu aliyesahihisha maelfu ya insha hujua mwandiko wa akili, kama fundi cherehani anavyoujua mshono wa mwenzake. Insha hii ilikuwa na mshono anaoufahamu. Aliujua, ila jina halikuja.

Simu ikalia. Ujumbe. Ulitoka kwa rafiki yake mpenzi, Mkutubi, mwanamke aliyesimamia maktaba ya chuo, aliyekuwa pia msimamizi wake wa harusi.

*Shosti, mshonaji amesema gauni liko tayari, ila mkono wa kushoto umebana kidogo. Nimemkaripia sana. Tukirudi kwenye kiini, uje leo kabla sijafunga maktaba saa kumi, twende ukalijaribu.*

Akausoma. Akausoma tena. Akaweka simu kando ya insha, aya ya tatu, mstari wa kwanza.

Tukirudi kwenye kiini.

"Hapana," akasema peke yake. Kisha akafungua aya ya tano. *Tukirudi kwenye kiini.* Aya ya saba, hivyo hivyo. Akavaa viatu bila kufunga kamba.

* * *

Maktaba ilikuwa karibu tupu. Wanafunzi wawili walikuwa wamelalia vitabu pembeni. Mkutubi alikuwa nyuma ya kaunta akigonga mihuri. Alipomwona rafiki yake akacheka.

"Bibi harusi! Mbona unakuja mbio kama gauni litakimbia?"

Mama Aya akaweka insha juu ya kaunta.

"Hii umeandika wewe?"

Muhuri ukasimama hewani.

"Hiyo nini?"

"Usiniulize. Miaka sita nasoma matangazo yako ukutani, barua zako, meseji zako. Ni wewe tu unayerudi kwenye kiini kila baada ya hatua tatu. Umemwandikia mchumba wangu?"

Mkutubi akawatazama wanafunzi, akanong'ona, "Punguza sauti, hapa ni maktaba."

"Maktaba yako itanisamehe. Umeandika ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!"

"Za mwaka huu. Na mbili za mwaka jana."

Mama Aya akashika ukingo wa kaunta. Alitaka kutukana, akakosa tusi linalotosha.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuja hapa akilia!" Sasa Mkutubi naye akawaka. "Mwanaume mzima, amekaa kwenye kile kiti pale, anatetemeka. Unataka kujua kilichomliza? Wewe!"

"Mimi nimemfanya nini?"

"Mwaka jana, muhula wa kwanza. Alikuachia insha yake ya kwanza, akakuomba uipitie. Uliifanyia nini?"

Kumbukumbu ikamjia Mama Aya polepole, na ilipofika ilikuwa na sura mbaya. Hakuipitia nyumbani. Aliibeba darasani. Aliikata jina, akaitupia ukutani kwa projekta kama mfano wa aya mbovu. Ilikuwa aya moja ndefu ya ukurasa mmoja na nusu, ndani yake kuna visima, mabomba, mvua, mkuu wa kitengo, dawa ya kuulia vijidudu na historia ya kituo. Akawaambia wanafunzi: "Mwandishi huyu amepakia kabati, ng'ombe na bibi harusi kwenye baiskeli moja, na bado anashangaa kwa nini haitembei!" Darasa zima likafa kwa kicheko. Alijisikia fahari siku ile. Utani huo aliurudia mihula mitatu mfululizo.

"Hakuwepo," akasema kwa sauti ndogo. "Wala sikutaja jina."

"Alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno. Akasikia na kicheko chako, maana ulicheka pia."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambia nini? Ungemwekea wino mwekundu na kwenye machozi."

Ilikuwa kama kofi. Mama Aya akaichukua ile insha, akageuka. Alipofika mlangoni akasikia nyuma yake:

"Na gauni je?"

Akatoka bila kugeuka. Kuna watu wana ujasiri, jamani.

* * *

Nyumba ya mama yake Fundi ilikuwa na kibaraza kidogo cha saruji na mlango uliokuwa wazi mchana kutwa. Mama mwenyewe alikuwa anapiga pasi sebuleni. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kochi amekunja mikono, kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Yuko hapo. Tangu amefika anapumua tu. Mie sijui mmefanyana nini, na sitaki kujua. Nina mashuka sita ya kunyoosha." Akabeba pasi na mashuka yake akaingia chumbani, lakini mlango hakuufunga.

Mama Aya akabaki amesimama.

"Nimetoka maktaba."

Fundi akafumba macho. Sasa ndipo akayafumba.

"Kwa hiyo unajua."

"Najua za Mkutubi. Na najua ya darasani. Ile insha yako... sikupaswa. Niliichukua bila ruhusa, nikaichezea mbele za watu. Nilikukosea. Nakuomba msamaha."

"Unaomba msamaha kama unasoma tangazo."

"Kwa sababu nina hasira! Naomba msamaha na nina hasira, vyote vimenijaa kifuani, sijui kipi kitangulie! Mwaka mzima umenitazama usoni ukinidanganya. Siku ile ungeingia darasani ukanitupia kiti, ningekuheshimu."

"Nikutupie kiti mbele ya wanafunzi wako sitini? Wakati nilikuja kukusaidia? Nimeomba ruhusa kazini, nimepanda ngazi za ghorofa ya tatu mbio kukuletea miwani..."

"Miwani gani?"

"Yako. Uliyosahau."

"Sijawahi kusahau miwani. Bila miwani sioni hata mlango. Siku ile niliivaa, ningesomaje ukutani?"

Fundi akakunjua ile mikono aliyokuwa ameikunja.

"Mkutubi alinipigia. Akasema, 'Shemeji, Mwalimu kasahau miwani kwake, anakuomba umpelekee darasa namba sita, saa tano kamili, usichelewe.' Nikaenda kwako na ufunguo wangu, nikatafuta, nikapata ile ya zamani kwenye droo. Nikafika saa tano. Ukawa unasema habari za ng'ombe na baiskeli."

Chumbani, pasi ikaacha kusikika.

"Asubuhi ile," Mama Aya akasema taratibu, "nilikunywa chai na Mkutubi. Nikamwonyesha insha. Nikamwambia leo saa tano naitumia darasani. Tukacheka wote wawili. Yeye peke yake ndiye aliyejua."

Akatoa simu. Akapiga, akaweka spika, akaishika katikati yao.

"Shosti," sauti ya Mkutubi ikasikika, laini. "Umetulia?"

"Nani alikwambia nimesahau miwani?"

Mama Aya akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nakuuliza. Siku niliyoisoma insha ya Fundi darasani, ulimpigia simu aniletee miwani. Nani alikutuma?"

"Hayo mambo ya zamani..."

"Shemeji," Fundi akaingilia, sauti imemkauka, "jibu."

Mkutubi akasema, na ulaini wote ulikuwa umeondoka:

"Nilitaka akuone. Basi. Nilitaka aone mnavyomcheka. Wewe kila mtu anakuona una moyo wa dhahabu, mimi ndiye ninayekunywa chai na wewe, mimi ndiye ninayesikia unavyomsema. 'Fundi wangu hajui kuandika, Fundi wangu ataniaibisha.' Hukumstahili! Mimi nilikaa naye, nikamwandikia hadi vidole vikauma, na sikuwahi kumcheka hata mara moja."

"Ulimpenda."

"Nampenda," Mkutubi akasema. "Muulize yeye kama hajui."

Simu ikakatwa.

Mama Aya akamgeukia mchumba wake polepole.

"Ulijua?"

Fundi akaangalia sakafu.

"Ulijua?"

"Kulikuwa na siku alinishika mkono. Nikautoa. Nikamwambia mimi ni shemeji yako. Akalia, akasema haitatokea tena. Haikutokea."

"Halafu?"

"Halafu nikaendelea kupokea insha."

"Baada ya kujua."

"Baada ya kujua."

"Kwa hiyo ulikuwa unamtumia." Mama Aya akamsogelea hatua moja. "Mungu wangu! Yeye kanifanyia uchawi wa mchana, lakini na wewe umemfanyia nini? Ulijua anakupenda, ukamwachia tumaini kidogo kila muhula ili akupe kurasa kumi. Huo ndio uanaume?"

"Wewe usiniambie habari za uanaume! Wewe ndiye uliyenivua nguo mbele ya watu sitini!"

"Sikujua kama upo!"

"Ndiyo kusema ningekuwa sipo ingekuwa sawa? Mgongoni kwangu ni sawa?"

Hapo alimshika. Mama Aya alijua Fundi amesema kweli, na hilo likamuudhi zaidi.

"Hapana, si sawa. Lakini ile insha ilikuwa mbovu! Samahani, ilikuwa mbovu! Nilisoma ukurasa mmoja na nusu nikashindwa kujua unataka kusema nini!"

"Nilijua ninachotaka kusema!"

"Basi ulitaka kusema nini?"

"Wewe hutaki kujua, unataka kusahihisha!"

"Sina kalamu! Ona mikono yangu! Ulitaka kusema nini, mwanaume wewe?"

Fundi akaruka kutoka kwenye kochi.

"Nilitaka kusema maji kuwa maangavu haina maana ni salama! Hilo tu! Mwaka ule nilipelekwa kupima maji ya shule moja ya msingi. Maji yanang'aa kama kioo cha dirisha. Mwalimu mkuu akayanywa mbele yangu, akanicheka, akasema fundi unapoteza muda. Nikachukua chupa tatu. Moja kisimani, moja kwenye tangi, moja bombani wanakonywea watoto. Kisimani safi. Kwenye tangi safi. Bombani, vijidudu vya chooni vimejaa! Na watoto kumi na tisa walikuwa wameshaugua tumbo wiki ile. Kwa nini? Bomba lilipita chini ya choo, lina ufa mwembamba kama uzi. Walionitangulia wote walipima kisima wakaenda zao. Walipima mahali ambapo hakuna mtu anayekunywa! Usipime pale ambapo ni rahisi kwako kufika. Pima pale mtoto anapoweka mdomo!"

Akajipangusa paji kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka usoni.

Mama Aya alikuwa amekaa. Hakujua alikaa saa ngapi.

"Rudia sentensi ya kwanza," akasema.

"Umeanza!"

"Sijaanza chochote. Nakuomba. Rudia."

"Maji kuwa maangavu haina maana ni salama."

"Hiyo ni sentensi kuu. Wazo lako, moja, limesimama kwa miguu yake. Kisha ukaleta ushahidi, chupa tatu na watoto kumi na tisa. Kisha ukaeleza kwa nini, ule ufa. Kisha ukafunga kwa kumwambia msomaji afanye nini." Akafunga vidole vinne alivyokuwa akihesabia. "Hiyo ni aya, Fundi. Hukuingiza mvua, hukuingiza mkuu wa kitengo. Kila sentensi inaivuta nyingine mkono. Miaka tisa nafundisha, na leo nimesikiliza aya moja nikataka kwenda kuvunja bomba la watu."

"Nilikuwa napiga kelele tu."

"Ulikuwa unajua unachosema, na unamjua unayemwambia. Ukikaa na karatasi unaogopa, unamwaga kila unachokijua ili nisikuone mjinga. Na aliyekufundisha kuogopa ni mimi."

Fundi akaketi, lakini si karibu naye. Waliachiana nafasi ya mtu mmoja.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Na mimi nina yangu. Tena yangu ni mbili, ya kwako na ya kwangu mwenyewe. Ya Mkutubi sijaanza hata kuihesabu."

Mama akatokea mlangoni ameshika shuka lililonyooka nusu.

"Mmemaliza? Maana majirani wameshamaliza kusikiliza, wameingia ndani." Akamtazama mwanawe. "Hayo ya chupa tatu mimi nimeyaelewa vizuri sana, na shule sikupita mbali. Kwa nini ulimpa mwanamke mwingine akuandikie?"

"Niliona aibu, mama."

"Na kudanganya hukuona aibu?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Jumatatu nakwenda kwa Mkuu wa Idara," akasema. "Naziondoa zote, na za mwaka jana pia. Nitasema sikuandika mimi."

"Watakufutia mwaka," Mama Aya akamwambia.

"Wafute."

"Na cheo?"

"Kitaningoja. Kisiponingoja, nitapima maji hivi hivi nilivyo."

Mama akalikunja shuka lake mara mbili.

"Na harusi? Niwapigie wageni au nisiwapigie?"

Fundi akasema, "Usiwapigie, mama," wakati ule ule Mama Aya aliposema, "Wapigie."

Wakatazamana.

"Wapigie, mama," Mama Aya akarudia. "Waambie tumesogeza. Sitaki kuolewa wiki tatu baada ya leo nikiwa natabasamu kwenye picha huku nimeuma meno. Arudie masomo yake. Na mimi nina deni langu la kumlipa darasani. Tukimaliza tukiwa bado tunatakana, tutafunga ndoa. Tusipotakana, basi."

Fundi alitaka kubisha. Mama yake akamtupia jicho moja tu, akaacha.

* * *

Jumatatu Fundi alikwenda. Mkuu wa Idara alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema katika miaka yote hiyo hajawahi kuona mwanafunzi anajileta mwenyewe, kisha akamfutia mwaka vile vile. Mama Aya aliirudisha bahasha ya insha na kuandika kwamba hapaswi kuzisahihisha, kwa sababu mmoja wa waandishi ni mchumba wake. Naye akapewa barua ya onyo kwa kutumia kazi ya mtu darasani bila idhini. Aliisaini bila kubisha.

Juma lile lile alisimama mbele ya wanafunzi wake. Hakuchekesha.

"Ule mfano wangu wa baiskeli mnaukumbuka," aliwaambia. "Aliyeandika ile insha ni mtu ninayempenda, na alikuwa amesimama pale mlangoni. Kosa lake lilikuwa kuweka mawazo sita kwenye aya moja. Langu lilikuwa kumgeuza mtu kichekesho, na kwa hilo hakuna alama za kujazia." Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa nyuma alikunja insha yake na kuiweka mfukoni, na Mama Aya akaelewa kwamba hata huyu alikuwa anamwogopa. Tangu siku ile kalamu yake ikawa ya bluu.

Mkutubi aliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Akaondolewa kwenye kaunta, akapelekwa stoo ya vitabu, chumba cha chini kisicho na dirisha. Aliandika barua tatu za kuomba radhi. Mama Aya alizisoma zote, zimepangika vizuri, hazina kosa hata la nukta, na hakujibu hata moja. Wakikutana kwenye korido kila mmoja hutazama ukuta wake. Watu wakamshauri asamehe. Akawaambia, "Nitasamehe siku nitakapoweza, siyo siku mtakapochoka kusikia." Gauni alilichukua mwenyewe kwa mshonaji.

Na Fundi akaanza upya, mwaka mzima. Jioni akitoka kazini alikaa kibarazani kwa mama yake, akajieleza kwa sauti kwanza, ndipo akaandika. Mama Aya aliombwa asisome, na hakusoma, ingawa mara nyingine alikaa umbali wa hatua mbili akijishika mikono. Waligombana sana mwaka ule. Waligombana kuhusu Mkutubi, kuhusu ule mkono ulioshikwa, kuhusu neno "ataniaibisha". Kuna wiki nzima hawakusalimiana. Lakini waligombana uso kwa uso, mlango wazi, hadi mama akazoea kuendelea na pasi yake.

Insha ya mwisho ilisahihishwa na mwalimu wa chuo kingine kabisa, asiyemjua mtu yeyote. Alitoa alama hamsini na nane. Pembeni ya aya moja alikuwa ameandika: *Hapa nimeona. Endelea hivi.* Fundi aliileta ile karatasi nyumbani kwa Mama Aya, akaiweka mezani, akasimama.

"Hamsini na nane," akasema.

"Zako?"

"Zangu zote."

Mama Aya aliweka mikono usoni, akalia kwa sauti kama aliyefiwa, na Fundi akavuta kiti, akakaa karibu naye, safari hii bila nafasi katikati.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata katika ofisi ya msajili, mbele ya mama na watu kumi na wanane. Msajili aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama akageuka akawakodolea macho wageni wote, mmoja baada ya mwingine, hadi msajili mwenyewe akaogopa, akaharakisha. Wakasaini. Walipokuwa wanashuka ngazi huku watu wakipiga vigelegele, Fundi akamwinamia mkewe sikioni.

"Nikuambie ukweli? Kuna hasira bado imebaki kidogo."

"Hata kwangu imebaki."

"Sasa tufanyeje?"

Akamshika mkono, akakaza.

"Twende nyumbani," akasema, "tukaimalizie."